Mguu Ambao Koko Alikataa Kuuchua

Nikisikia harufu ya mafuta ya kondoo yakiyeyuka, viganja vyangu hupoa. Usinicheke. Wengine harufu hiyo huwatia hamu ya nyama. Mimi hunikumbusha mguu wa mama.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Olasiti. Mama alikuwa na wiki moja tangu ajifungue, na kila asubuhi jirani yetu Koko Nasieku alikuja kumkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa mafuta hayo. Koko ni bibi kwa Kimaasai, na huyu alikuwa bibi wa mtaa mzima. Hata wapagazi wa mlimani walimletea mabega yao. Alichua bila huruma, na ukiguna alikuambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Asubuhi hiyo mama alilalamikia shavu la mguu wa kushoto. Koko aliweka kiganja hapo, akakihamishia mguu wa kulia, akakirudisha. Porojo zake zikakatika. Mguu ule ulikuwa umevimba, una joto, ngozi inang'aa. Koko akapangusa mafuta mikononi kwa kanga yake.

"Huu siugusi. Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Shangazi, aliyekuja kumtunza mama, alinuna, akamuuliza kama ameona uchawi. Koko alisema jina la ugonjwa halijui.

"Ila niliwahi kuchua mmoja kama huu."

Hakumalizia, na hakuna aliyemuuliza.

Mama aliguna kwa maumivu. Mimi, kwa uchungu, nikachota mafuta nimchue mwenyewe. Koko alinidaka kifundo cha mkono, akanibana mpaka alama zikabaki. Nilimchukia palepale. Mama akapakiwa kwenye teksi, na kichanga kikalia kutwa nzima.

Mama alirudi baada ya siku nyingi, akichechemea. Mimi sikumsamehe Koko. Nilipita mbele yake bila shikamoo, na yeye ndiye aliyeanza: "Hujambo, mjukuu wangu?"

Ukubwani nilijifunza kazi hiyohiyo ya kuchua misuli. Siku moja mwalimu alitueleza kuhusu damu inayoganda mguuni: ukiichua yaweza kung'oka, ikapanda mapafuni, mtu akafa mikononi mwako. Nikaelewa sentensi ambayo Koko hakuimalizia, na kwamba kuna mama wa mtu mwingine aliyetangulia ili wangu apone.

Nilienda Olasiti siku hiyohiyo. Kaburi la Koko lilikuwa limeshaota nyasi. Nilisema shikamoo, nikasimama pale muda mrefu, nikisubiri marahaba.