Mwosha Aliyeachwa Mlangoni

Zamani, mwanamke akifariki Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, watu hawakuulizana nani wa kumwosha. Walimwita Nuro. Na nyuma ya Nuro alikuja dada yake, Mariamo, ameshika ndoo. Kazi hiyo waliirithi kwa mama yao: Mariamo anamimina, Nuro anaosha, na chumbani hakisikiki kitu ila maji na dua. Wakirudi kwao kati ya minazi, Mariamo hupenda kutania: "Nikitangulia mimi, usinimwagie maji ya baridi."

"Utapashiwa, dada. Na majani ya mkunazi nitakuchumia kwa mkono wangu."

Ulipoingia mwaka wa korona, Germano, muuguzi wa kituo cha afya, alileta boksi la barakoa za kitambaa akasimama uwanjani mbele ya msikiti. Kila mtu afunike pua na mdomo, alisema, na waosha maiti kabla ya wote. Zikazuka kelele. Wengine walisema ni kweli, huko mjini Pemba, makao makuu ya mkoa, watu wanaumwa. Wengine wakasema vita viko kusini, shule zimefungwa, na sasa tunaambiwa tuwaogope hata ndugu zetu! Ndipo akasimama Abibo, kaka mkubwa wa akina Nuro.

"Maiti ni mgeni wa Mungu," alisema. "Na mgeni hapokelewi kwa kuzibiwa pua, kana kwamba ananuka."

Watu wakamwitikia kwa sauti moja. Nuro aliinuka upande wa wanawake, akapita mbele ya macho yote, akachukua barakoa akaivaa. Si kwamba aliujua ugonjwa huo. Alichokijua ni kifua cha mumewe, Cassimo, mwenye pumu tangu ujana. Msimu wa vumbi Cassimo alilala ameketi, mkewe akimshikilia mgongo.

"Nuro," Mariamo aliita, "vua. Usitutie aibu."

"Dada, mimi nina mgonjwa ndani."

"Na sisi tuna heshima yetu ndani."

Tangu hapo Nuro hakuitwa tena kuosha. Mariamo aliosha mwenyewe, binti yake Yasmin akimimina. Dada hao wakikutana kisimani walipeana salamu fupi tu, kila mmoja akajitwika ndoo yake.

Mvua zilipokaribia, Mariamo akashikwa na homa na kikohozi. Kama ilikuwa korona au malaria, hakuna aliyepima. Nuro alikwenda akasimama uani, barakoa usoni. Dada yake alimtazama kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi.

"Sikuoni uso," alisema kwa tabu.

Nuro akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ua, kisha akaishusha barakoa hadi kidevuni. Mariamo akatabasamu.

Siku chache baadaye kilio kikatoka nyumbani kwa Mariamo. Nuro alichuma majani ya mkunazi, akaenda mbio. Mlangoni alisimama Abibo.

"Vua kitambaa hicho uingie. Undugu ni kufaana. Huyu dada yako si uchafu."

"Kaka, niache niingie nacho. Sitasema neno. Niache tu nimwoshe."

"Vua."

Juu ya bega la kaka yake aliiona miguu ya Mariamo juu ya kitanda cha kuoshea. Yasmin alikuwa ameshika ndoo, analia, hainui uso. Vidole vya Nuro vikaenda kisogoni, vikafungua fundo. Lakini chumba kilijaa wanawake bega kwa bega, na kikohozi kikatoka humo, kikajibiwa na kingine. Moyoni akamwona Cassimo usiku anavyoitafuta pumzi, macho yamemtoka. Akalifunga fundo upya.

"Basi rudi kwa mumeo," alisema Abibo.

Majani aliyaweka kizingitini. Hakujua kama kuna aliyeyaokota.

Cassimo alikuwa anasuka makuti. "Mbona umerudi mapema?" aliuliza, kisha akaelewa, mikono ikasimama. Akayaweka makuti chini, akasema, "Ungeivua tu, mke wangu. Mimi nimeshaishi."

"Nyamaza!" Nuro alimfokea, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia sauti.

Korona ikapita, vikaja vilio vingine, barakoa zikawa matambara ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Cassimo yu hai. Mara nyingine Nuro humtengea chakula, akamtazama anavyokula, moyo ukamchoma asijue ni kwa mapenzi au kwa lawama. Halafu huona haya, akamwongezea mchuzi.

Mwaka juzi Yasmin alimjia. "Mama mdogo, rudi kwenye kazi. Mimi najua kumimina tu." Akachezea ncha ya kanga. "Siku ile, kwani hungeweza kuivua kidogo tu?"

"Ningeweza."

"Sasa mbona…"

"Ningeweza, mwanangu. Hilo ndilo linaloniua."

Yasmin akaanza kulia. Nuro alimpisha kwenye mkeka, wakakaa pamoja hadi jua lilipohamia upande wa pili wa nyumba.

Lakini kazi hakuirudia. Pakiwa na msiba, Nuro hukaa nje na wanaochambua mchele. Maji yakianza kusikika kutoka chumbani, huinuka akasema anakwenda kutafuta kuni, hata kama kuni zipo tele.