Mkalimani wa Mama Mkwe

Bwana misitu ndiye aliyemleta kwetu Nakwa yule msichana wa chuo kikuu, miaka ile sukari ilipokuwa adimu na sabuni tukiisikia tu. Alikuwa akisomea mimea, shahada ya pili, akitafuta majani ambayo watu wa Babati huyatumia kwa tiba. Aliambiwa mama mkwe wangu anazijua dawa. Lakini Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha kusalimiana tu, kwa hiyo nikawekwa mimi niwe mkalimani.

Tangu niolewe, mtoto akiumwa mama mkwe alitoka peke yake, akarudi na majani kwenye pindo la khanga, akayaponda akiwa amenipa mgongo. Nikimuuliza, alijibu, “Ni majani tu.”

Asubuhi ya kwanza msichana alisema, “Shikamoo bibi,” akampa mche wa sabuni. Tukapanda kilimani. Huko mama mkwe alimwaga yote. Huu wa tumbo. Huu wa kifua, chemsha mzizi, si majani. Huu wa mama aliyejifungua, na hapo mimi nilikuwa nimejifungua mara tatu mikononi mwake. Alifikicha jani akampelekea msichana puani anuse, wakacheka pamoja. Mimi nilisimama nyuma yao nikigeuza Kiiraqw kuwa Kiswahili. Kunusa sikupewa.

Jioni nilimsaidia mgeni kupanga mimea yake katikati ya magazeti na kuibana kwa mbao.

“Dada, una bahati,” aliniambia. “Unaishi na mtu kama huyu!”

Nilivuta kamba kwa nguvu hadi shina moja likavunjika.

“Pole,” nikasema. Moyoni sikuwa na pole yoyote.

Siku aliyopanda basi la Arusha, mama mkwe alimsindikiza hadi stendi akimbebea furushi. Mimi hakuwahi kunibebea hata ndoo. Aliporudi nilimkuta anachambua maharage, nikashindwa kunyamaza.

“Mama, mgeni umemwonyesha kila kitu. Mimi nilikosa nini?”

Alitupa punje mbovu pembeni, akachambua nyingine, ndipo akasema, “Yule ameondoka. Wewe upo. Siku ukizijua dawa zote, hapa nyumbani mtaniita kwa lipi?”

Hata hivyo wivu haukuniisha. Nilimwonea yule msichana kijicho zaidi, kwamba alipewa kwa sababu tu alikuwa mpita njia.

Mvua zilipoanza, mtoto wangu mdogo alishikwa na kikohozi. Mzizi wake niliujua, na unapoota nilipajua. Maneno yote yalikuwa yamepitia kinywani mwangu. Nikambeba mtoto, nikaenda kubisha hodi kwa mama mkwe.

“Mama, mtoto anakohoa.”

Alimgusa kifua, akajitanda khanga, akashika njia ya kilimani peke yake. Nikaketi kizingitini kumsubiri.