Muhogo chini ya motoka yangu

Leo nimechelewesha ndoa ya dada yangu juu ya muhogo ya mutu nisiyemujua. Someni kwanza, kisha munihukumu.

Gâteau ya ndoa, ile keki kubwa, iko kwa kiti ya nyuma, naenda Kimemi kwenye karamu. Jua, kisha ukungu, kisha mvua yote mara moja. Na essuie-glace yangu, ile ya kupangusa kioo, ilikufa. Nikasimama.

Mama moja alikuwa ameanika muhogo kando ya njia. Akakimbia, akavuta bâche yake, ile turubai na muhogo yote juu yake, akaisukuma chini ya motoka yangu!
Hakuniuliza hata kama huile, mafuta ya moteur, inavuja.

Bibi yangu, mama ya batoto wangu, akapiga simu: «Uko wapi?»
«Niko juu ya muhogo ya batu.»
Akakata.

Mvua ikaisha. Nikawasha moteur.
«Papa, ngoja kidogo,» mama akasema. «Hii jua ni ya bongo, inatudanganya.»
Nikamuonyesha saa. Akatoa muhogo yake, nikaenda.

Hata kona moja sikumaliza. Mvua tena, sioni mbele.
Nikatoa kichwa ku dirisha, nikarudi nyuma pole pole, mpaka pale pale.

Mama alikuwa ananingojea, bâche mukononi.
«Sogea kidogo kushoto, Papa. Ile mara ya kwanza muhogo ililowa upande moja.»