Karai Lenye Kishikio cha Waya

Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mama alikuwa akisema nililala utotoni jicho moja wazi, na kazi ya afisa maendeleo wa kata, hapa Zinga, ikanifumbua la pili. Kwa hiyo masika yaliposomba vibanda vya barabarani na serikali ikatangaza mikopo ya dharura kwa wafanyabiashara wadogo, nilijua mafuriko yatazaa wafanyabiashara ambao kiangazi hakikuwahi kuwaona. Nikaapa sitasaini kabla sijaona mtu anafanyia kazi nini.

Asubuhi nilimkagua bibi mmoja mkaanga samaki. Kibanda chake kilikwenda na maji, akabaki na karai tu, kishikio kimoja kimefungwa kwa waya. Sasa alikaangia uani kwake, wateja wa barabarani hawamwoni, na bila mkopo ule asingesimama tena. Alasiri nikapita kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye naye aliomba kama mkaanga samaki. Nakuta mafuta yanachemka, na karai lina kishikio cha waya.

Nililitambua, ni lile la asubuhi. Utaratibu wetu ulikuwa mkali: kifaa kimoja kikionekana kwa waombaji wawili bila maelezo, wote wanaondolewa. Nikahisi wamekula njama wagawane, bibi na wifi.

Nikavuta kigoda, nikamwambia wifi aendelee tu. Akakaanga vibua, harufu ikajaa mtaa mzima, mimi nangoja. Hakuja jirani na sahani, hakuja mtoto katumwa. Hata paka hakuja. Kwa bibi, asubuhi ile, nilikuwa nawaruka paka ili nipate pa kukanyaga.

Nikarudi kwa bibi, nikamuuliza karai liko wapi.

"Ameliazima wifi yako, mwanangu. Kasema ana wageni. Chombo akikiomba jirani, unamnyimaje?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliieleza kamati yote niliyoyaona, bibi akabaki, wifi akakatwa jina. Alinifuata mpaka kwangu, hakupandisha hata sauti.

"Ungenifumbia jicho tu, wifi. Hela zenyewe za serikali."

"Za bibi," nilimjibu.

Bibi alijenga kibanda chake, na paka wakahamia huko.

Ramadhani ilipoingia nikampelekea wifi sahani ya futari, tambi na kaimati, kama miaka yote. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Huna kitu, basi utatia hata tende au ndimu mbili. Yangu ilirudi kesho yake, imeoshwa, imekaushwa, haina kitu. Niliigeuza nikaikagua na chini yake, mazoea ya kazi, kisha nikakaa kizingitini nikalia.