Kikombe Kikavu

Kwa miaka ishirini na mitatu, kila siku saa saba mchana, mpimaji wa hali ya hewa alifungua kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao, akasoma vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu. Cha pili kilivikwa utambi wa pamba unaofyonza maji kutoka kwenye kikombe kidogo. Namba zao zikikaribiana, hewa imeshiba unyevu, na hewa ya namna hiyo, ikichemshwa na jua la uwanda ule wa juu, huzaa radi kabla ya saa tisa. Hapo hupiga simu mashambani, watu watoke.

Mwezi uliopita namba zilikutana, akapiga simu, wavuna ngano wakakimbia. Jua likawaka hadi jioni. Aliporudi kisandukuni alikuta kikombe kikavu kau. Alikuwa amesahau kukijaza, na utambi ukikauka vipimajoto vyote viwili husoma sawa. Hakumwambia mtu.

"Shemeji, ile mvua yako ilipata dharura?" mume wa dada yake, msimamizi wa wavunaji, alimuuliza mbele ya wote waliokuwa wakila mezani. "Siku nyingine ije na cheti cha daktari."

Dada mtu alicheka mpaka akapaliwa. Wakambatiza Bwana Kiangazi. Naye akacheka nao, maana kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kukitaja kikombe.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alhamisi ile, namba zilipokutana tena, kikombe kilikuwa kimejaa na utambi umelowa. Hata hivyo aliuvua, akavika mwingine, akaketi kungoja utulie. Simu ikalia.

"Shemeji, huku mawingu yameanza kuvimba. Tutoke, au tumalizie mistari miwili?"

"Nipe nusu saa. Nahakikisha."

"Leo unaipima mvua au unaipika?"

"Nahakikisha tu. Endeleeni kidogo."

Utambi mpya ulisema yale yale. Alipopiga simu, iliita bila kupokelewa. Radi ilikuwa imemkuta shemeji yake juu ya trela, akiwapungia watu mkono wakimbie.

Siku chache baada ya mazishi, dada yake alikuja kituoni, akaomba daftari la vipimo. Akaweka kidole kwenye mstari wa saa saba, kisha wa saa saba na nusu.

"Namba ni zile zile, kaka."

"Ni zile zile."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Mpimaji alifunua kurasa nyuma hadi siku ile ya jua, akaandika pembeni kwa kalamu: *Kikombe kilikuwa kikavu. Nilijua jioni ile ile.* Akamsogezea.

Dada yake alisoma, akarudia kusoma.

"Ungesema," alisema taratibu, "tungekucheka siku moja, yakaisha."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika mbili. Mpimaji alichukua chupa ya maji, akatoka kwenda kisandukuni, akamwacha dada yake na daftari lililo wazi.