Kufundishwa Tarumbeta na Mtani

Siku ya kwanza niliyokwenda kuanza kazi ya tarumbeta nilivaa shati la Jumapili na viatu vya kuazima, nikabisha hodi kwa Mwalimu Pazi, mtaa wa Mtendeni hapa Tabora. Alikuwa ameketi kibarazani akisugua tarumbeta lake kwa kitambaa chenye majivu. Nikainama, nikasema shikamoo.

"Tua mzigo kwanza, ndipo usalimie," akasema.

"Sina mzigo, Mwalimu."

"Mnyamwezi huna mzigo? Basi unaumwa. Mama Eliya, mletee huyu gunia abebe, asije akatufia hapa."

Mkewe alitoka jikoni, akanitazama, akacheka, akarudi ndani. Ndivyo nilivyopokelewa kazini.

Ninyi mnaojifunza muziki kwa simu inabidi niwaeleze. Mwalimu Pazi alikuwa Mzaramo wa Maneromango. Alijifunza tarumbeta kanisani kwao, akaletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akabaki hapa akifundisha watu nyumbani kwake na kuongoza bendi ya harusi. Mimi ni Mnyamwezi wa hapa hapa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani na kupokelewa na babu zao. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, akachukua kofia yako akaenda nayo, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ni jambo zuri sana msibani na sokoni. Katika kujifunza tarumbeta ni balaa, kwa sababu mwanafunzi anataka kujua kama amepiga vizuri au vibaya, na mtani hakwambii.

Majuma ya mwanzo sikupewa tarumbeta. Nilipewa mdomo wake tu, yaani kile kikombe kidogo cha shaba ambacho mpigaji hukibandika midomoni. Kazi ni kutetemesha midomo ndani yake bila kuvimbisha mashavu, maana mashavu yakivimba pumzi inaishia humo. Nilikuwa nikipuliza hata njiani. Mama mmoja muuza vitumbua aliniuliza kama nimemeza nyuki.

"Toa matobolwa mdomoni," Mwalimu aliniambia siku moja. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula chetu. Sikuwa nimekula kitu. Sasa je, huo ulikuwa utani, au kweli nilikuwa nimekaza taya? Nilirudi nyumbani, nikalegeza taya, sauti ikatoka safi. Kesho yake akaniambia nina masikio ya punda. Nilijitazama kwenye kioo jioni nzima nikitafuta somo lililomo ndani yake, sikuliona. Ilinichukua muda mrefu kugundua siri: akikutukana huku amekushika kiwiko, hilo ni somo. Akikutukana huku ameshika kikombe cha chai, anajiburudisha.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu, Rukhsana, binti wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Huyo hakuwa mtani wa mtu. Siku moja, tukiwa tumeshapewa matarumbeta yenyewe, alipuliza ikatoka sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango.

"Vizuri sana, binti," Mwalimu akamwambia kwa upole wote. "Kesho jaribu taratibu kidogo."

Ikaja zamu yangu. Nikapanda ngazi yote ya solfa, do mpaka do, nikashuka nayo bila kuteleza hata mara moja.

"Mama Eliya! Fungia kuku, huyu atawaharibia mayai."

Nilimwonea wivu Rukhsana. Niliapa palepale kwamba sitaiacha kazi hii mpaka Mwalimu Pazi aniambie, bila utani, kwamba nimeweza. Wengine wanafanya kazi kwa ajili ya mshahara au cheo. Mimi niliifanya kwa ajili ya neno hilo moja, na niliifanya mpaka nikazeeka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupanda nyuma ya pikapu, mbele ya gari la maharusi, na kupiga mji mzima usikie. Nilianza kwa kubeba ngoma kubwa. Nikapandishwa sauti ya pili, ile inayotembea chini ya wimbo kuuzuia usianguke, kisha sauti ya kwanza, inayobeba wimbo wenyewe. Ufundi mkubwa wa pikapu hauko midomoni, uko magotini. Ukisimama mkavu, gari likipita kwenye shimo tarumbeta linakugonga meno. Unakunja magoti, unaacha viwiko vielee, na ukiona tuta mbele unamalizia sauti mapema hata kama wimbo haujataka. Mwalimu, aliyekuwa kiongozi wetu, alikaa kwa dereva akigonga paa la gari kila tulipokosea. Mimi alinigongea hata nilipopatia.

Tulipelekwa Bukene kwenye harusi moja ambayo mwenyekiti wa kamati, baba mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa na shida. Bibi harusi alikataa kulia. Kuagwa kwao bila machozi ni aibu, watu watasema amechoka kukaa nyumbani.

"Bendi, nilizieni huyu mtoto," mwenyekiti akatuomba.

Nikasogea karibu na mlango, nikapiga wimbo wa kuaga polepole, nikiivuta kila sauti mpaka mwisho wa pumzi. Bibi harusi akaanza kutikisika mabega. Halafu akalia, mama yake akalia, shangazi wakadakia, na mwenyekiti mwenyewe akanikumbatia akiwa ameloa uso. Nikageuka kumtazama Mwalimu. Nilijua leo hana pa kutokea.

"Viatu vinambana," akasema. "Nimeviona tangu asubuhi."

Safari ya Tura tulikwenda kwa treni. Tuliposhuka nilinung'unikia uzito wa besi, lile tarumbeta kubwa la kuzungushia mwilini, maana mpigaji wake alikuwa mgonjwa na nilikuwa nalo mimi.

"Babu zako walipita hapa hapa Tura na pembe za ndovu hadi pwani, hawakulalamika," Mwalimu akasema. "Wewe kutoka stesheni tu unataka kuzikwa."

"Na walipofika pwani waliwakuta babu zako wamelala, Mwalimu. Ikabidi wawaamshe."

Alicheka mpaka akakalia ngoma kubwa. Nilimpenda sana mzee yule, na sijawahi kupata namna ya kumwambia, kwa kuwa mimi nami nilikuwa nimefungwa na utani huohuo.

Alipochoka safari alinikabidhi bendi. Aliwaambia wenzangu, "Nawaachia Maganga awe kiongozi, maana ninyi mna akili, mnaweza kupata kazi nyingine." Hiyo ndiyo hotuba yote.

Mpigaji tarumbeta hastaafishwa na umri, hustaafishwa na meno ya mbele. Yangu yalianza kulegea, na daktari wa meno akaniambia nichague kati ya kula na kupiga. Nikaona basi, niende kwa Mwalimu nimpigie mara ya mwisho, kisha nimwombe neno langu kwa heshima, mtu mzima kwa mzee wake. Nilimkuta amejilaza kwenye kochi. Mama Eliya alisema tangu jana hajala vizuri. Nikapiga ule wimbo wa kuaga. Nilipomaliza, nilimtazama mikono. Hakuwa ameshika chai.

"Umepiga vizuri, mwanangu," akasema. "Umenizidi."

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake niliingiwa na hofu. Nikakimbilia jikoni.

"Mama Eliya! Mzee amezidiwa!"

"Amefanya nini?"

"Amenisifu."

Ungo ulimtoka mikononi, mchele ukamwagika. "Amekuitaje?"

"Mwanangu."

"Yesu wangu! Ita bajaji!"

Hospitalini, muuguzi wa mapokezi alituuliza mgonjwa ana homa, anatapika, au ana nini.

"Amemsifu mtani wake," Mama Eliya akajibu.

Muuguzi alimtazama mgonjwa, akanitazama mimi. "Mzee ni Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Na huyu ni Mnyamwezi mwenzangu?"

"Ndiye aliyesifiwa."

Dada yule hakuandika kitu. Alipiga kelele kiti cha magurudumu kiletwe mbio. Daktari alimpima, akakuta sukari imeshuka mno, akasema tungechelewa kidogo tungempoteza.

Nilikaa kando ya kitanda nikitazama dripu ikidondoka. Neno nililolihangaikia maisha yangu yote nilikuwa nimelipata, na nilimwomba Mungu alichukue, alifute kabisa, mradi amwache yule mzee. Sikuwa natania. Mchana Mwalimu akafumbua macho. Akanitazama, nami nikainamia kitanda nimsikie.

"Mama Eliya," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nani ameruhusu wapagazi humu wodini? Wataondoka na kitanda."

Nililia bila kujificha.

Siku hizi nina meno ya bandia, mazuri kwa ugali, hayafai kwa muziki. Bendi nimewaachia vijana, na wakipita na pikapu yao bado naikunja miguu nikiwa nimekaa kitini. Watu huniuliza kama lile neno la Mwalimu lilikuwa la kweli. Mwenyewe anakana kabisa, anasema ile ilikuwa sukari inaongea, tena sukari iliyokwisha. Sijawahi kumbana. Kila Jumamosi nakwenda kumwona. Jumamosi iliyopita aliniuliza, kwa upole kabisa, watoto wangu wanaendeleaje. Nikabaki nimesimama. Akarudia kuuliza kwa upole uleule, nikaanza kumwita mkewe. Ndipo akasema shati langu linanuka tumbaku ya kuiba, nami nikavuta kiti, nikaketi.