Siku Niliyofundisha Foleni ya Maziwa Kunawa Mikono

Hii aibu hata leo nikiikumbuka najifunika uso na leso, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Mweiga, na nilikuwa nasomea cheti kwa mtandao (mwalimu mkuu alishatuambia, asiye na cheti mwaka ukiisha atafute kazi ingine). Sasa kila nikifungua laptopu, brauza inaniambia niiapdeti, na mimi nabonyeza "baadaye", ati nisimalize bando, miezi mitatu mizima nabonyeza baadaye.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa mwisho, kufundisha mbele ya mtahini kwa video, saa mbili kamili. Nikavaa blauzi nyeupe na koti ya kanisani, chini nikabaki na gambuti na aproni ya kukamulia (si ataona kichwa tu?). Saa mbili kasorobo nafungua ukurasa wa chuo, unanikatalia: brauza yako ni ya zamani, apdeti kwanza. Na kwetu nyumbani mtandao unatambaa. Mama mkwe, ambaye sisi wote tunamwita Cucu, alikuwa anatoka na mtungi wa maziwa, akanikuta nalia, nikamweleza.

"Si mtandao hushika kule kwa kupima maziwa?" akasema. "Beba hiyo kitu yako twende."

Tukakimbia. Nikaweka laptopu juu ya mtungi, apdeti ikaanza kusonga, na foleni yote ya wakulima, mzee wetu wa kanisa akiwemo, ikasahau maziwa ikawa inanisomea asilimia kwa sauti. Ikamalizika dakika moja kabla ya saa mbili. Mtahini akatokea, mama wa miwani, akaniambia nifundishe wimbo wa kunawa mikono, lakini nirudi nyuma anione mwili mzima.

Mwili mzima, jamani, na gambuti zimejaa mavi ya ng'ombe. Nikarudi nyuma, nikaanza kuimba nikisugua mikono, natamani ardhi inimeze, na nilikuwa karibu kabisa kufunga ile laptopu nilipomsikia Cucu akiitikia. Akafuata karani wa mizani, halafu foleni nzima, mpaka mzee wa kanisa akainua viganja juu kuonyesha ni safi. Mtahini akataka kuwaona wanafunzi wangu. Nikageuza laptopu, akawaangalia mmoja mmoja.

"Mwalimu," akasema, "darasa lako limekomaa, lakini limekuelewa."

Nilipita, na kazi bado niko nayo. Ila nikipeleka maziwa karani hapimi mtungi wangu mpaka nionyeshe viganja. Neno "baadaye" nimeliacha kabisa, kwa sababu Cucu, asiyejua brauza ni mnyama gani, kila Jumapili jioni huniuliza kama nimeapdeti, na huniuliza tukiwa tumeshafunga macho kuomba, mahali ambapo siwezi kumdanganya.